Ubongo na Maneno Tunayoyasoma

Tunaposoma, macho huona herufi, lakini ubongo ndio unaotambua neno. Je, maneno tuliyoyasoma punde huathiri kazi hiyo? Fanya jaribio hili.

Jaribio
Vifaa: karatasi mbili na kalamu.
1. Katika karatasi ya kwanza andika: shamba, mbegu, palizi. Katika ya pili andika: ng'ombe, mbuzi, swala.
2. Chini ya kila orodha andika: _EMBE.
3. Wape rafiki zako wawili, kila mmoja karatasi yake. Wasome maneno, kisha wajaze upesi herufi iliyokosekana.

Huenda wa kwanza akaandika JEMBE, na wa pili PEMBE. Neno likisomwa, huamsha katika ubongo maneno yanayohusiana nalo.

Mwaka 1971, wataalamu wawili wa Marekani, David Meyer na Roger Schvaneveldt, walieleza jaribio lao la maneno ya Kiingereza. Watu walitambua upesi zaidi maneno yanayohusiana, kama mkate na siagi, kuliko yasiyohusiana, kama mkate na daktari.

Msaada huu waweza pia kutupotosha. Ukiisha kusoma MAJI YA KUNYWA kwenye mtungi mmoja, waweza kudhani kuwa mtungi wa pili umeandikwa hivyo hivyo, kumbe umeandikwa MAJI YA KUNAWA. Herufi moja tu ndiyo iliyobadilika. Kwa hiyo, soma tena kabla ya kunywa.

Maswali
1. Kwa nini rafiki zako walijaza herufi tofauti?
2. Andika maneno matatu yatakayomfanya msomaji ajaze WEMBE.