Kichwa kinauma kila safari? Hesabu vidonge kwanza

KAMPALA. Mabasi ya usiku kutoka Nairobi huingia jijini humu asubuhi, na mfanyabiashara aliyekesha njiani, akiamshwa Busia kugongewa muhuri, huteremka kichwa kikimgonga. Hajalala, hajala, na maji alijinyima makusudi ili asihangaike kutafuta choo. Mbele yake kuna siku nzima ya kubanana Kikuubo au soko la Owino. Kituo chake cha kwanza ni duka la dawa.

Kumeza kidonge siku moja moja si kosa. Balaa huanza pakiti inapokuwa sehemu ya mzigo wa kila safari. Madaktari wanatambua maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa zilezile za kuyatuliza: kwa anayeumwa kichwa mara kwa mara, parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, inatosha kuyazua. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vikiwemo vyenye kafeini, ni siku 10 tu. Mtu anameza kwa kuwa kichwa kinauma, na kichwa kinauma kwa kuwa anameza. Aliyefika hapo amwone daktari amsaidie kuacha. Siku za kwanza maumivu huzidi, kisha hupungua.

Kwa uchovu wa safari, maji, chakula (hata rolex ya kando ya barabara) na usingizi kidogo huweza kutosha. Mnywaji wa kahawa wa kila siku akiikosa ghafla, kichwa nacho humdai.

Kipandauso ni jambo jingine. Hupiga mara nyingi upande mmoja, huleta kichefuchefu, na mwanga na kelele huwa adhabu. Chumba chenye giza na kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso husaidia, na dawa hufaa zaidi ikimezwa mapema. Daftari la mauzo lina nafasi ya kuandika pia tarehe, saa za kulala, mlo na idadi ya vidonge; baada ya miezi 2 chanzo huweza kuonekana.

Parasetamoli ya miligramu 500 isizidi vidonge 8 kwa saa 24 kwa mtu mzima, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli hiyohiyo ndani. Mwenye vidonda vya tumbo aepuke aspirini na ibuprofeni.

Kichwa kikija na homa, pima malaria kabla ya kununua chochote. Na yapo maumivu yasiyo ya nyumbani kabisa: yanayolipuka ghafla kuliko yote uliyowahi kuyapata, yanayokakamaza shingo, yanayolegeza upande mmoja wa mwili au kupotosha maneno, yanayofuata ajali ya bodaboda, au yanayomshika mjamzito vikali. Huyo apelekwe Mulago au hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo, na mzigo ubaki kwa jirani wa kibanda.