Utabiri wa Msimu: Asilimia Zina Maana Gani kwa Shamba Lako?

Mbegu ikishafukiwa, hairudi gunialani. Ndiyo maana kila mkulima wa Kilifi anayetegemea mvua, kuanzia Mtwapa hadi Bamba na Magarini, anahitaji kuuelewa utabiri wa msimu kabla ya kupanda.

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri kabla ya mvua ya mwaka (masika) na kabla ya vuli. Utabiri huo hautaji siku ya kunyesha. Hueleza uwezekano wa mvua kuwa juu ya kawaida, ya kawaida au chini ya kawaida.

Tuchukue mfano. Ukisikia uwezekano wa mvua chini ya kawaida ni asilimia 45, maana yake ni kwamba katika misimu 10 yenye dalili kama hizo, takriban minne au mitano itakuwa na upungufu. Mingine haitakuwa. Kwa hivyo mvua ikinyesha vizuri, utabiri haukudanganya.

Vuli hutabirika vyema zaidi kuliko masika. Bahari ya Hindi upande wetu ikiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, vuli huwa na mvua nyingi, kama ilivyokuwa mwaka wa 2019 na 2023. Hali ikigeuka, mvua hupungua. Masika haifuati sana dalili hizo, na kwa hivyo inahitaji tahadhari zaidi. Kati ya vuli ya 2020 na vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilifeli katika maeneo mengi makavu ya Kenya.

Jumla ya mvua pia haitoshi kukuongoza. Msimu wa "kawaida" unaweza kuunguza mahindi iwapo jua litawaka wiki tatu wakati wa kutoa maua. Kwa sababu hiyo, fuatilia pia utabiri wa kila mwezi na wa kila wiki.

Mkulima afanye nini?

1. Usipande kwa mvua ya kwanza pekee. Kipimo kinachotumiwa sana ni angalau milimita 20 ndani ya siku tatu, bila ukavu mrefu kufuata. Kabla ya kupanda, angalia utabiri wa wiki.

2. Gawanya shamba. Dalili za upungufu zikiwepo, punguza mahindi na uongeze mihogo, kunde, pojo au mtama.

3. Chagua mbegu inayofaa eneo lako. Kituo cha utafiti cha KALRO Mtwapa kimeshughulikia mahindi ya Pwani kwa miaka mingi.

4. Weka kipimamvua na uandike kila asubuhi. Ukanda wa pwani hupata mvua nyingi kuliko bara, na vituo ni vichache. Rekodi za wakulima husaidia utabiri kulenga wadi badala ya kaunti nzima.

Kwa ushauri zaidi, muone afisa wa kilimo wa wadi yako, au uulize katika baraza la chifu.