Bastola ndogo ya SIG P938: juu ya nini Wamarekani wanabishana?

Huko Marekani, raia wengi wanabeba bastola chini ya nguo. SIG P938, ya milimita 9, iligawanya maoni. Mwili wake ni aluminiamu, si plastiki. Gasheti, ni kusema kifyatulio, inafanya kazi moja tu: kuangusha nyundo. Kwa hiyo wengi wanaibeba sasi likiwa ndani, nyundo imevutwa nyuma, kifungo cha usalama kimefungwa.

Wenye kuipenda wanasema ni rahisi kulenga. Wengine wanauliza: siku ya hofu, kidole kitakumbuka kufungua? Na kifungo kikijifungua mfukoni, ao mtoto akiiokota?

Ndugu wasikilizaji, mukikuta bastola yoyote, musiiguse. Nyundo ikiwa nyuma, mguso mudogo unaweza kutosha.