Trauti na Udongo wa Shamba Lako

Ikiwa shamba lako katika skimu lapakana na mto utokao milima ya Nyandarua au Mlima Kenya, huenda umewahi kumwona mtu amesimama majini hadi magotini, akirusha mshipi mrefu nyuma na mbele kama mchungaji apigaye mjeledi. Watoto humcheka, maana ndoana yake haina nyungunyungu, ina manyoya tu. Mtu huyo anavua trauti kwa nzi wa bandia. Kabla hujamcheka na wewe, yafaa ujue anafanya nini, kwa sababu anachotafuta mtoni chahusu shamba lako.

Trauti si mwenyeji wa nchi yetu. Mwaka 1905 Bwana Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa rangi ya hudhurungi kutoka Loch Leven huko Scotland, nao wakatiwa katika mto Gura. Mwaka 1910 aina ya pili, trauti wa upinde wa mvua, aliletwa kutoka Afrika Kusini. Samaki hawa hupenda maji ya baridi yaendayo mbio juu ya mawe. Joto la maji likizidi nyuzi 20 hivi huanza kutaabika. Ndiyo maana hupatikana katika mito ya juu kama Gura, Chania, Thiba na Naro Moru, lakini huko chini kwenye joto hawapo.

Chakula chao kikubwa ni wadudu. Inua jiwe mtoni utazame upande wa chini, utawaona wadudu wadogo wameshikamana nalo. Wengine hujijengea kijumba cha mchanga na vijiti. Nzi wa bandia ni ndoana ndogo iliyofungwa uzi na manyoya, mara nyingi ya shingo ya jogoo, ili ifanane na mdudu wa namna hiyo. Hapa Kenya tunao mafundi hodari wa kuwafunga nzi hawa, na kazi yao huuzwa hata Uingereza na Marekani. Kwa kuwa nzi hana uzito, mshipi wenyewe ndio mzito, nao ndio umpelekao mbali.

Sasa tuangalie majira, maana mvuvi ana kalenda yake kama wewe ulivyo na yako.

Januari hadi Machi, kabla ya mvua ndefu, maji ni machache na safi, na trauti huona vizuri sana. Mvuvi hujongea polepole akiinama, akitokea upande wa chini wa mto, kwa maana samaki huelekeza kichwa kule maji yatokako. Hutumia nzi mdogo, tena asubuhi na mapema au jioni.

Mwisho wa Machi hadi Mei mto hujaa na maji huwa mekundu. Samaki hamwoni nzi, na mvuvi hukaa nyumbani kufunga nzi wapya. Maji yakianza kupungua na kupata rangi ya chai isiyo na maziwa, hujaribu nzi mkubwa mweusi wa kuzama.

Juni hadi Septemba ni miezi ya baridi na ukungu. Mvuvi hana haja ya kuamka usiku. Hungoja jua lipashe maji moto kidogo, kisha humpitisha nzi wake karibu na mawe ya chini.

Oktoba hadi Desemba huja mvua fupi. Kumbikumbi huruka, wengi wao huanguka majini, nao trauti huja juu kuwala. Huo ndio wakati wa nzi wa kuelea, lakini ni pale tu maji yanapokuwa yamesafika.

Umeona jambo hilo? Katika kila majira mvuvi huuliza kwanza habari za rangi ya maji. Mto upitao katika msitu na majani husafika upesi baada ya mvua. Mto upitao katika mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni hubaki mwekundu kwa siku nyingi. Wekundu huo ni udongo wa mtu.

Mimi najua, kwa sababu ulikuwa udongo wangu. Kabla ya kuwa karani wa ofisi ya kilimo nilikuwa mwalimu, na nilikuwa na shamba dogo la viazi kando ya mto. Kwa tamaa ya magunia mawili zaidi nikalima hadi majini. Mvua moja ya Aprili ikachukua mistari mitatu, viazi na mbolea pamoja. Kesho yake nikakutana na mzee mmoja mvuvi akirudi na kikapu kitupu.

"Habari ya mtoni, Mzee?" nikamwuliza.

"Mwalimu," akasema, "samaki sikuwaona. Nimeliona shamba lako tu, likipita."

Nikaona haya. Udongo huo huziba nafasi katikati ya vijiwe ambamo trauti hutaga mayai, mayai hukosa hewa na kufa, na wadudu wa chini ya mawe hufa pia. Mzee alipoteza samaki wa miaka ijayo. Mimi nilipoteza rutuba niliyoinunua kwa fedha.

Basi, fanya hivi:

1. Acha ukanda usiolimwa kando ya mto. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaja mita 6 hadi 30 kufuata upana wa mto. Mwulize Bwana Shamba akupimie.

2. Katika sehemu ya shamba iliyo juu ya ukanda huo panda majani ya Napier. Yatazuia udongo, na ng'ombe wako atakula.

3. Lima kwa kukingama mteremko, wala usilime kutoka juu kushuka chini.

4. Ng'ombe wanywe mahali pamoja, wasivunje ukingo wote.

5. Usioshe bomba la dawa mtoni. Dawa za wadudu, hata za pareto, huua samaki upesi.

Na ukitaka kuvua wewe mwenyewe, nenda kwanza ofisi ya uvuvi uulize habari za leseni na sheria za mto wako. Usitumie wavu wala sumu.

Mvua ijayo, teka maji ya mto katika chupa nyeupe mahali yanapoingia katika shamba lako, na chupa ya pili pale yanapotoka. Ziweke mezani hadi asubuhi, kisha uwaite watoto mtazame pamoja udongo uliotuama chini. Ikiwa chupa ya pili ina udongo mwingi kuliko ya kwanza, chukua jembe uanze na ukingo siku hiyo hiyo.