Mistari Myeusi Ndani ya Jua

Chukua sidii iliyochakaa, igeuze mgongo, ipigwe na jua la asubuhi linaloingia dirishani. Ukutani zitajipanga rangi: nyekundu, chungwa, njano, kijani, buluu, urujuani. Sidii haikuzitengeneza, zimekuja na mwanga wenyewe. Isaac Newton alilionyesha hilo kwa mche wa kioo miaka ya 1660, kisha akazikusanya tena rangi hizo, ukatoka mwanga mweupe. Naam, jua ni jeupe. Unjano tunaolipaka vitabuni ni kazi ya hewa yetu, inayoichukua sehemu ya buluu na kuitawanya angani.

Mwanga huo huanzia kitovuni mwa jua, kwenye joto la nyuzi milioni 15 hivi. Huko viini vya haidrojeni hubanwa mpaka vikaungana kuwa heliamu, na kila sekunde takriban tani milioni 4 za jua hugeuka nishati. Nishati hiyo huzaliwa ikiwa mionzi ya gama, mikali ya kuua. Humezwa na kutemwa njia nzima, maelfu na maelfu ya miaka, ikipungua makali. Inapofika usoni mwa jua, joto ni nyuzi kama 5,500 tu, na ni joto hilo linaloamua rangi. Mhunzi analijua jambo hili: chuma huanza kuwa chekundu, kikaingia uchungwa, kikizidi moto kinaelekea weupe. Kutoka hapo hadi kwetu, kilomita milioni 150, ni dakika 8 na sekunde 20.

Lakini kinachonisisimua mimi ni rangi zisizofika. Mwaka 1814 Joseph Fraunhofer, fundi vioo wa Bavaria, aliutandaza mwanga wa jua akakuta umekatwakatwa na mistari myeusi. Akaihesabu, ikapita 500. Maana yake hakuijua. Miaka 45 hivi baadaye, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, pale Heidelberg, walilifumbua fumbo: kila elementi ina rangi zake inazozimeza, na ikiwaka huzitoa zile zile. Mistari miwili iliyokaa katika njano ni ya sodiamu, hii hii ya chumvi ya mezani. Punje za chumvi zikiangukia moto wa jiko la gesi, mwako hugeuka njano. Ni rangi ile ile inayokosekana juani.

Jua lilipopatwa mwaka 1868, wataalamu waliokuwa India waliona mstari mng'avu wa njano, jirani na ule wa sodiamu ila si wenyewe. Mwingereza Norman Lockyer akashikilia kwamba ni elementi mpya, ikaitwa heliamu, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jua. Duniani haikupatikana hadi 1895, William Ramsay alipoikuta kwenye jiwe lenye urani.

Leo heliamu inatafutwa chini ya bonde la Rukwa, Tanzania. Hiyo haikutoka juani: ilizalishwa na urani na thoriamu zinazooza polepole ndani ya miamba ya kale.