Wazo, Dhana au Hoja?

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Kisa cha leo nimekitunga ili muyaone maneno yakiwa kazini. Anayebeba kisa ni binti mmoja wa Malampaka, ule mji wa reli wilayani Maswa, mkoani Simiyu. Njia ya treni kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na hadi leo treni ikisimama Malampaka abiria huchungulia madirishani wakitafuta cha kutafuna.

Binti alikuwa amemsindikiza shangazi yake stesheni. Akaona abiria wakigombea karanga, akajiuliza: mbona hakuna anayeuza michembe? Wasukuma hukata viazi vitamu vibichi, wakavianika hadi vikauke. Hiyo ndiyo michembe, na nyumbani kwao ilikuwa imejaa.

Hilo lililomjia ni wazo. Limezuka lenyewe, halijapimwa, wala halidaiwi maelezo na mtu. Wazo laweza kukujia hata unapokwangua sufuria.

Usiku ule hakula vizuri. Mama yake akamtazama, akasema, "Mwanangu, mbona una mawazo?" Hapo msikilize vizuri. Mama hakumsifu kwa wingi wa mipango. Aliona kuna jambo linamsumbua. Mtu akisema "toa mawazo yako" anakualika useme, lakini akisema "una mawazo" anakuonea huruma. Ukiandika kwenye insha kwamba babu yako ana mawazo mengi, msomaji atampa pole mzee ambaye wewe ulitaka kumsifu. Andika kwamba ana fikra pana.

Kesho yake binti akamwambia rafiki yake, "Abiria wote wa Mwanza wanapenda michembe." Alimuuliza nani? Hakuna. Basi hiyo ni dhana: jambo ulilolishika kuwa kweli kabla ya kulipima. Neno lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kukisia, na kitenzi chetu kudhani bado kinaibeba. Ndiyo maana wahudumu wa afya wanapozunguka vijijini huzungumzia dhana potofu.

Lakini mtihani wa Kiswahili utawauliza: fafanua dhana ya fasihi. Je, fasihi nayo ni kisio? Hapana. Hapa dhana ni maana ya jumla inayolikusanya jambo zima. Neno moja limebeba mizigo miwili, na kwangu mimi huu ndio mtego mkubwa kuliko yote. Tazameni linalofuata. Likifuatwa na jina la jambo, kama dhana ya ujamaa au dhana ya haki, mara nyingi ni ile maana ya jumla. Likifuatwa na "kwamba", kama dhana kwamba wasichana hawawezi hesabu, ni kisio, na kisio lazima tulidai ushahidi.

Binti akafanya jambo la maana. Alipeleka michembe kidogo stesheni, akauza, akawauliza wanunuzi, akaandika hesabu. Ndipo akaketi mbele ya baba yake: "Baba, naomba unisaidie mtaji wa gunia moja la viazi. Nimejaribu, wamenunua. Michembe haiozi upesi, na ikibaki tutakula wenyewe." Sasa ana hoja, maana kila anachodai kina nguzo. Bungeni mtawasikia wakisema "naomba kutoa hoja". Hakuna anayesimama pale kutoa dhana.

Babu yake, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Kwa maoni yangu, auze matobolwa." Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Maoni yanatokana na kuona: kila mtu husema jinsi aonavyo kutoka pale alipokaa, na haki hiyo haina umri.

Mkulima wa Simiyu hachanganyi pamba safi na pamba fifi katika gunia moja, ingawa zote ni pamba. Nawaomba muyatunze hivyo na maneno haya, kwa sababu anayewasikiliza hupima uzito wa jambo kwa neno mlilolichagua.

Limebaki neno fikra, ndugu wa kutafakari. Hii haiji jioni moja. Ni mtazamo uliolelewa kwa muda mrefu, wenye mizizi na matawi. Enzi za Mwalimu Nyerere watu waliitikia "Zidumu fikra za Mwenyekiti"; walikusudia msimamo mzima, kama ule wa Azimio la Arusha la mwaka 1967, wala si jambo lililomjia asubuhi ile. Na tafadhali, semeni fikra hii, fikra hizi, mafikra hatuna.

Mkikua kidogo, fungueni Katiba yetu ya Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Ibara ya 19, inayohusu dini, inataja uhuru wa mawazo na imani. Mimi naisoma hivi: ya kwanza inamlinda anayesema, ya pili inamlinda hata asiyefungua kinywa, kwani mawazo ni yake kabla hajayatamka. Jaribuni kuhamisha neno moja kutoka ibara hii kwenda ile, kisha mnieleze ni nani ameachwa bila ulinzi.