KICHWA KINAUMA: SI KILA MARA NI KIPANDAUSO



Tuseme baba mmoja wa Mudzipela ana kipandauso tangu ujana. Kichwa humgonga upande mmoja, mwanga humkera, hutapika, hulala gizani, kesho yake huenda kazini. Mkewe amezoea. Siku moja kichwa kinamshika ghafla, ana homa, shingo imekuwa ngumu. Mama anasema, "Ni kile kile," anampa vidonge viwili. Hapo ndipo penye hatari.

Kidonge hutuliza maumivu, hakisemi yametoka wapi. Paracetamol hushusha hata homa ya malaria au ya uti wa mgongo, mgonjwa akadhaniwa amepona. Mwezi wa Septemba 2021 ulitangazwa mlipuko wa uti wa mgongo huko Banalia, katika jimbo la Tshopo, jirani na Ituri yetu. Watu zaidi ya 100 walikufa.

Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja, hata usiku, ukiona:

1. Kichwa kimeanza ghafla, kwa nguvu kuliko siku zote.
2. Homa pamoja na shingo ngumu, degedege au kuchanganyikiwa.
3. Mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayaeleweki. Hicho ni kiharusi.
4. Mama mjamzito anaumwa kichwa sana na macho yanaona giza. Apimwe tansiyo.
5. Kichwa kinazidi baada ya kupigwa na jiwe au kuanguka.

Kwa watu wa shimoni: mkiumwa kichwa wengi kwa pamoja karibu na mashine ya mafuta, ni hewa ya sumu ya moshi wake. Yenyewe haina harufu. Tokeni nje wote, mwiteni mkubwa wa kazi. Msimeze kidonge na kurudi chini.

Mwenye kipandauso naye ajihadhari. Ergotamine hubana mishipa ya damu. Mwenye tansiyo au ugonjwa wa moyo asiitumie. Tena, anayemeza paracetamol siku 15 au zaidi kila mwezi, au ergotamine siku 10, dawa yenyewe humletea maumivu ya kichwa. Andika siku unazomeza, umwonyeshe muganga.

Kofia ya kazi hukinga kichwa kwa nje. Kwa ndani, kinga yake ni kuwahi hospitali.